Injini Kwenye Samadari ya Mama

Watoto wa siku hizi ukiwaambia kwamba wewe umelelewa na injini ya gari sebuleni, wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa na uzee. Lakini wenzangu mliokulia Ngamiani zama zile hamtanishangaa. Mnazikumbuka nyumba zetu: baraza mbele, vyumba huku na huku, ua nyuma, na ndani ya ua kila familia ina kitu chake kisichofanya kazi ambacho hakuna ruhusa ya kukitupa. Jirani wa kushoto alikuwa na cherehani ya miguu isiyo na mkanda. Bi Zuhura wa kulia alikuwa na friji la mafuta ya taa, akilitunzia kanga zake. Sisi kwetu palikuwa na gari.

Lilikuwa gari la Kiingereza, jeusi, lenye pua ndefu na taa mbili za duara zilizolitia sura ya mtu aliyeamshwa ghafla. Umri wake ulimzidi mama. Baba alilipata kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, na siku lilipoingia mtaani lilivutwa na trekta la shamba, watu wakilifuata nyuma kwa vigelegele kama harusi. Injini yake ilikuja baadaye, imefunguliwa vipande vipande na kutiwa ndani ya magunia.

Kwa hiyo mimi na kaka yangu Salimu tulisafiri sana utotoni. Tulikwenda Mombasa, tulikwenda Unguja bila kupanda chombo, tulikwenda mpaka Maka tukarudi, na muda wote tulikuwa tumekaa palepale chini ya kamba ya kuanikia nguo. Tukitoka chuo cha Kurani jioni tunanunua mihogo ya kuchoma, ile inayopasuliwa katikati ikapakwa chumvi na pilipili, tunakwenda kuila kwenye kiti cha nyuma, ambacho kilinuka ngozi kuukuu, vumbi na kuku. Kuku walitagia chini ya usukani. Mama aliweka makaa kwenye buti. Mtaa mzima ukicheza kombolela, hakuna aliyethubutu kujificha ndani ya gari letu, kwa sababu milango yake ilipiga kelele kuliko aliyefumwa.

Baba yangu, Mzee Kombo, alikuwa fundi saa. Kimeza chake kilikaa barazani, na kile kioo kidogo cha kukuzia alikibana jichoni kutwa, hata akikivua jicho lile linabaki limekunjwa. Akili yake nayo ilikuwa ya saa. Kwake yeye injini ya gari ilikuwa saa kubwa tu iliyokosa mishale, na ndivyo alivyoitengeneza: kila boliti ilisuguliwa kwa mswaki, kila ringi ya pistoni ilichunguzwa kwa kioo, kila kipande kikafutwa kwa pamba na kuviringishwa kwenye kitambaa cheupe kama maandazi ya mgeni. Salimu akavuka darasa hili akaingia lile, mimi nikang'oka meno nikaota mengine, injini bado inafutwa.

Na yote haya yalifanyika ndani ya nyumba. Baba aliamini kwamba upepo wetu una chumvi, na chumvi ikipenya kwenye silinda imeshaila. "Tanga hii msumari unapata kutu ungali dukani," alikuwa akisema. Mama akavumilia. Alivumilia pistoni kwenye kabati la vyombo. Alivumilia krenkishafti iliyosimamishwa nyuma ya mlango, wageni wakidhani ni aina fulani ya mchi. Alivumilia chai yenye harufu ya grisi. Asichokivumilia ni habari ya kitanda.

Mama alikuwa na samadari, kitanda cha mvule chenye nguzo nne za kuchongwa, alichopewa na bibi yake wa Mwera siku anaolewa. Kilivushwa mto Pangani kikiwa kimefungwa kwenye mikeka, kikaja Tanga juu ya lori la nazi, na bi harusi mwenyewe alikaa juu ya lori hilohilo kukishikilia. Alikipangusa kwa mafuta ya nazi mpaka ukipita karibu unajiona. Sisi watoto tulikatazwa kukikalia na miguu yenye vumbi. Na kwa kuwa miguu yetu ilikuwa na vumbi siku zote, sikumbuki kukikalia.

Mwaka mmoja mama alikwenda Mkwaja kwenye msiba wa shangazi yake, akakaa huko mpaka arobaini. Huku nyuma vipande vya injini vikawa vimekamilika, na baba akahitaji kitu kigumu cha kuiundia juu yake. Alimwita rafiki yake Fundi Mhina, fundi wa matrekta, yuleyule aliyelivuta gari letu, wakaanza kujaribu. Meza ya chakula ikavunjika. Stendi ya chuma iliyochomelewa kwa kazi hiyo ikalala ubavu. Baba akaizunguka nyumba nzima akigonga kila kitu kwa ngumi na kusikiliza, na mwisho akaingia chumbani.

Siku mama anarudi, alisimama mlangoni na kikapu kichwani. Katikati ya sebule palikuwa na samadari yake. Chaga zimetolewa. Mahali pa godoro zimelazwa mbao mbili nene, na juu ya mbao, imekazwa kwa boliti zilizotoboa ubavu wa kitanda, imekaa injini nzima, inameremeta, imeshushiwa chandarua.

"Baba Salimu," mama akasema, wala hakupandisha sauti, "hicho ni kitanda changu?"

"Ndicho," baba akajibu kwa furaha ya kweli, maana alidhani anapongezwa. "Nimejaribu kila kitu nyumba hii. Kitanda chako peke yake ndicho hakikutikisika. Bibi yako alijua kuchagua mbao."

"Na chandarua?"

"Vumbi."

"Na miye nilale wapi?"

Baba akaangalia huku na huku kama mwanafunzi aliyeulizwa somo asilofundishwa. "Kwenye gari," akasema. "Kiti cha nyuma kirefu."

Mama hakutua hata kikapu. Aliingia jikoni, akachukua mwiko wake, mbuzi yake ya kukunia nazi na funguo za kabati, akatushika vichwa mimi na Salimu. "Nyie bakini na shule yenu," akatuambia. "Miye nakwenda kwetu Mwera. Siwezi kuwa mke mdogo wa chuma." Akatoka.

Baba alisimama mlangoni mpaka mama alipokata kona. "Amechoka na safari," akasema. "Atarudi."

Hakurudi. Sisi tukaanza kula mapishi ya baba, na hapo ndipo nilipojua kwamba ufundi wa saa hauhamii jikoni. Alipika wali kwa kufuata mshale wa sekunde. Muda ukitimia anaepua, upande mmoja mbichi, upande mwingine mkaa, na anasema muda ulikuwa sahihi, kosa ni la mchele. Na wali wenyewe bila nazi, maana mbuzi ilikuwa Mwera! Wali mkavu, Tanga hii, nyumba ya watu wenye akili zao! Bi Zuhura alikuwa akituletea mchuzi kwa siri kupitia ukuta wa ua, akiangalia pembeni kama anatoa sadaka.

Mtaa nao ukaizoea injini. Watu wakipita barazani wanasalimia, kisha wanauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Baba anajibu bila kutabasamu, "Leo tumemfunga kabureta, anaendelea vizuri." Kuna mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja na machungwa ya Muheza kumjulia hali, kwa kuwa hakuelezwa vizuri. Alipofunuliwa chandarua akasema, "Mungu ndiye mjuzi," akatuachia machungwa.

Tulicheka, lakini si siku zote. Kambani ilibaki kanga moja ya mama. Nilikuwa nalala nayo, nikiivuta puani nasikia udi na moshi wa jiko lake. Kisha nikagundua kwamba kila nikiivuta harufu inazidi kupungua, nikaacha kuivuta ili isiishe. Salimu, ambaye alijifanya mkubwa, nilimkuta mara moja amekaa peke yake kwenye usukani wa gari. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Mwera," akasema, akageuza uso.

Basi yakaja maneno kutoka huko, yameletwa na mchuuzi wa nazi. Yalikuwa ya Mjomba Ayubu, kaka mkubwa wa mama, mtu asiyependa mizaha. Jumamosi wanakuja. Ama kitanda kirudi kwa mwenyewe na nyumba iwe nyumba, ama baba aandike talaka, mama ajue moja.

Baba alipolisikia neno talaka alikaa chini palepale alipokuwa, sakafuni.

"Baba," Salimu akamwambia, "si tuifungue tu injini, turudishe kitanda?"

"Hujaelewa, mwanangu. Nikikirudisha na injini haijawaka, nitakuwa mtu aliyekiharibu kitanda cha mkewe. Ikiwa imewaka, nitakuwa mtu aliyekiazima."

Mpaka leo nikilifikiria jibu lile naona halina kichwa wala miguu, na naona pia kwamba ni kweli tupu.

Jumamosi baada ya chai akafika Fundi Mhina. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mnene, mpole, na siku ile ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Akavua viatu mlangoni. Baba alikwishapasha oili ndani ya sufuria la mama la pilau, isiwe ya moto, isiwe ya baridi, akiichovya kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Wakaimimina taratibu kama samli. Wakatoa plagi zote, Fundi Mhina akashika hendeli akaizungusha injini polepole, ili oili ipande mpaka juu kabla moto haujaingia.

"Injini iliyofunguliwa ikaundwa upya haiwashwi kavu," alitueleza huku jasho linamtiririka. "Ni kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Humuanzishii pilau."

Kisha wakaanza kuipamba. Rejeta ikaegemezwa mchagoni, ikajazwa maji kwa birika. Chupa ya petroli ikaning'inizwa kichwa chini kwenye nguzo ya kitanda, mpira mwembamba ukishuka mpaka kwenye kabureta, na sasa kweli injini ikawa kama imelazwa wodini na dripu yake. Betri ikasukumwa uvunguni ili isimkwaze mtu. Bomba la moshi likatolewa dirishani kuelekea kichochoroni. Barazani watu wamejaa. Bi Zuhura alileta ubani. Sauti moja ya kiume nyuma iliuliza kama maji ya moto yameshawekwa tayari.

Zikabaki waya za plagi. Injini yetu ilikuwa na silinda nne, na kila silinda ina zamu yake ya kupata moto. Zamu zikichanganywa injini haiwaki, inakohoa tu. Fundi Mhina alikuwa na uhakika na zamu hizo. "Moja, mbili, nne, tatu," akasema. "Matrekta yangu yote ndivyo yalivyo." Baba alikunja uso, akafungua mdomo, akaufunga. Trekta lilikuwa linatembea na injini yake haitembei, atasema nini? Wakafunga waya kwa mpango wa trekta.

"Bismillahi," baba akasema. Fundi Mhina akavuta hendeli.

Pu! Ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta, ukailamba chandarua, ukatoboa tundu la ukubwa wa sinia. Baba akaupiga kwa kofia yake. Wakajaribu tena. Safari hii ukohozi ulitokea nyuma, ukatoka na bomba dirishani, na tukamsikia Bi Zuhura akipiga ukelele kichochoroni, maana alikuwa ameanika kanzu ya Idi ya mumewe. Wakajaribu tena na tena. Watu wa barazani, waliokuja na shauku, wakaanza kutoa pole.

Katikati ya moshi huo ikasikika sauti mlangoni. "Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mjomba Ayubu, kanzu nyeupe, uso umekaza. Nyuma yake alikuja Babu Hemedi, ami yake mama, mzee wa heshima ambaye masikio yalikwishamfia na macho yalikuwa njiani. Mwisho akaingia mama ndani ya baibui. Hakutuangalia. Lakini alipopita karibu yangu mkono wake ulirudi nyuma, ukatafuta, ukavishika vidole vyangu ukavibana kwa nguvu, ukaviachia.

"Shikamooni," tukasema. Wakakaribishwa kwenye mkeka. Na kwa kuwa kitanda kilikuwa kimejaa sebule, hapakuwa na namna ila kukaa wamekizunguka, migongo ukutani, nyuso kwenye chandarua. Babu Hemedi akainamisha kichwa kwa huzuni.

"Poleni sana," akasema. "Ameanza lini?"

"Ni injini, ami!" Mjomba Ayubu akampigia kelele sikioni.

"Inshallah atapona," Babu Hemedi akajibu.

Mjomba akakohoa akaanza. Alizungumza vizuri, siwezi kumsingizia. Alieleza mke ni nini na nyumba ni nini. Alieleza kitanda kile kilivyotoka Mwera, nani alikichonga, nani alikibeba. Baba alimsikiliza akiwa amepiga magoti upande wa pili, mikono myeusi mpaka viwikoni, nyusi zimeungua. Alipopewa nafasi ya kujibu alisema maneno machache tu.

"Shemeji, nakuomba nijaribu mara moja tena."

Mjomba akaangalia dari, kisha akatikisa kichwa kukubali, nadhani kwa sababu naye alitaka kuona. Fundi Mhina akazikaza upya waya zilezile, akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, nne, tatu." Akavuta hendeli. Pu! Masizi yakatua taratibu juu ya kanzu ya Mjomba Ayubu, kuanzia kifuani.

"Basi," Mjomba akasema, akisimama. "Nimekuheshimu vya kutosha. Leta karatasi na kalamu."

Hata watu wa dirishani wakaacha kutafuna. Nilimwangalia baba. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti, na lile jicho lake la kubania kioo lilikuwa limejaa maji. Salimu akanishika mkono. Nilijua karatasi hiyo ikiandikwa, sisi wawili tutakuwa watoto wa kupelekwa huku na kuletwa huku, na wali mkavu utakuwa wa maisha.

"Moja, tatu, nne, mbili!"

Tukageuka. Alikuwa mama.

"Unasemaje?" Mjomba akauliza.

"Moja, tatu, nne, mbili!" Mama alikuwa amesimama, baibui limeteleza kichwani, na kweli amekasirika. "Tangu limekuja gari lile mwanamume huyu anaota kwa sauti. Wenzangu waume zao wakiota wanataja wanawake, wagombane, yaishe. Wangu anahesabu. Moja, tatu, nne, mbili. Moja, tatu, nne, mbili. Mpaka adhana! Na hajakosea hata usiku mmoja. Leo yuko macho anakubali hesabu ya mtu mwingine, nilitaka kulia. Fungeni hizo waya kama anavyoota, iwake isiwake, nichukue kitanda changu niende zangu!"

Baba akakaa kitako. "Ndivyo alivyoniambia yule Mzungu," akasema polepole. "Siku ananipa gari. Nilidhani nimesahau."

Fundi Mhina alinung'unika kwamba hajapata kuona trekta la namna hiyo, lakini akazibadilisha waya. Akatema mate mikononi. Akavuta.

Sijui niwaelezeje. Haikukohoa. Ilinguruma mara moja, ikasita kama mtu anayekumbuka jina, kisha ikashika. Vikombe vikaanza kucheza kabatini. Saa zote alizokuwa akizitengeneza baba, zile zilizokufa kabisa, zikaanza kugonga ukutani kwa mtikisiko, kila moja na wakati wake. Barazani vigelegele, nje kuku wanapiga kelele, kichochoroni Bi Zuhura analilia kanzu mara ya pili. Na baba amesimama, mikono juu, anacheka bila sauti kusikika.

Kisha kitanda kikaanza kutembea.

Kilitembea kwa heshima, mguu huu kisha mguu ule, juu ya sakafu nyekundu ya sementi, kuelekea mlango wa mbele. Watu wa barazani wakaona samadari inawajia na chandarua inapepea, chupa ya petroli inabembea kwenye nguzo, wakatawanyika hadi mtaa wa pili. "Zima!" Mjomba akapiga kelele. "Zima!" Baba na Fundi Mhina wakatazamana. Hapo ndipo tulipogundua kwamba miaka yote ile watu wale wawili walifikiria namna ya kuiwasha. Namna ya kuizima hakuna aliyeifikiria. Betri ilikuwa uvunguni, na hapakuwa na mtu wa kuingia uvungu wa kitanda kinachotembea.

"Kitanda changu hakitoki nje!" mama akasema. Akalitupa baibui, akafunua chandarua, akajitupa juu ya mbao, akakaa.

Kitanda kikasimama. Kikaendelea kutetemeka, lakini kikasimama. Mama alikuwa akitetemeka nacho, mashavu, bangili, hereni. "Ba-ba-ba Sa-sa-li-mu," akasema, "zi-zi-zi-ma!"

"Iache inywe oili kidogo!" baba akampigia kelele. Kisha akaona kitanda kimeinamia upande wa mama, na fundi saa hawezi kuvumilia kitu kilichoinama. Akazunguka, akafunua chandarua, akakaa upande wa pili. Wakawa wamekaa hivyo, injini katikati yao inanguruma, wote wawili wanatetemeka. Mama akamgeukia amtukane, lakini meno yaligongana, tusi likatoka vipande vipande, na nyusi za baba zile zilizoungua... Mama akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

Babu Hemedi, ambaye hakusikia lolote tangu aingie, aliinua macho yake hafifu akaona mume na mke wamekaa kitandani ndani ya chandarua, wanacheka. Akainua mikono.

"Alhamdulillahi, wamepatana," akasema. Akajikongoja akasimama, akamshika Mjomba Ayubu kiwiko. "Sasa sisi tunangoja nini humu ndani, Ayubu? Huoni haya? Tutoke, tuwape faragha."

Mjomba alitaka kueleza, lakini kueleza kwa nani, na kwa sauti gani? Akatoka na karatasi yake tupu.

Petroli ilipokwisha injini ikazima yenyewe. Saa zikanyamaza moja moja. Tukasikia tone la maji likidondoka kutoka kwenye rejeta.

"Imewaka," baba akasema.

"Nimesikia," mama akamjibu. Kisha akamwambia, "Spana iko wapi? Haya, fungua."

Ilifunguliwa siku ileile, kabla ya wageni kula. Mjomba Ayubu mwenyewe alivua kanzu akasaidia kuibeba mpaka uani, na walipoiweka ndani ya pua ya gari alikuwa wa kwanza kuuliza kama anaweza kupiga honi. Kesho yake mama akakuna nazi.

Safari yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa Mwera, kwenda kuomba radhi. Baba hakuizima injini tangu Ngamiani, kwa kuogopa isiwake tena. Mwenye pantoni pale Pangani alimtaka azime. Baba akamjibu kwa adabu kwamba bora azime pantoni. Tulikula chakula cha mchana kwa babu zetu gari linanguruma nje, baba anakula amesimama, tonge mkononi, sikio dirishani. Babu Hemedi alikwenda kukaa kiti cha mbele, akalala usingizi wa raha. Alisema lilikuwa gari la kwanza alilowahi kulisikia.

Wazee wetu wale wote wametangulia, Mungu awarehemu. Mimi bado naishi Ngamiani, baraza ileile. Siku hizi mambo ni mepesi na vijana wetu wana haraka. Simu ikiharibika wanatupa, gari likikohoa wanauza, na ukiwauliza ndani yake mna nini wanakwambia mna kompyuta, shangazi, wewe kaa tu. Sisi tulijua kila kitu kina nini ndani, kwa kuwa kilikuwa kimetandazwa sakafuni na ukikanyage uone.

Idi iliyopita mtoto wa Salimu, Idrisa, alikuja kunionyesha gari lake jipya. Zuri, jeupe, linang'aa kama sahani. Wakati wa kuondoka nikatoka naye mpaka barabarani, nikasimama kando, nikajikaza, nikaziba masikio kwa vidole, kama tulivyofundishwa kufanya mtu anapowasha gari. Idrisa akaingia, akabonyeza kitu. Nikangoja. Akateremsha kioo, naona midomo inacheza. Nikatoa kidole kimoja.

"Unangoja nini, mwanangu?" nikamuuliza. "Washa basi."

"Limeshawaka, shangazi," akasema, akanipungia mkono, akaondoka taratibu.

Nikageuka kuwatafuta watu, angalau wawili watatu, mtu wa kumwambia neno. Barabara nzima hakuna aliyetoka. Nilikuwa peke yangu, kidole kimoja bado sikioni.